Kadi Iliyokatwa Kingo

Huulizwa mara kwa mara kama kitu bandia kisichoweza kutambulikana kwa macho chaweza kumdhuru aliyekinunua. Mtu amelipa fedha zake, amekitundika ukutani, hukitazama kila jioni na moyo wake huburudika. Amepoteza nini? Swali hili lafaa lipimwe kwa mfano wa hakika kabla ya kupimwa kwa fikira tupu.

Nchini Marekani, baina ya mwaka 1909 na 1911, American Tobacco Company ilitia ndani ya paketi za sigara kadi ndogo zenye picha za wachezaji wa besiboli. Kadi ya Honus Wagner iliondolewa mapema. Yasemekana mwenyewe hakuridhia, ingawa sababu yake hubishaniwa hata leo. Kwa hiyo zilizosalia ni chache mno. Mojawapo ilinunuliwa mnadani mwaka 1991 kwa dola 451,000, na mwaka 2007 ikauzwa kwa dola milioni 2.8. Ilisifiwa kwa kingo zake zilizonyoka na pembe zake kali, uzima usiotazamiwa katika karatasi ya umri ule. Mwaka 2013 William Mastro, mwendesha minada aliyepata kuimiliki, alikiri mahakamani kwamba alizikata kingo zake za ubavuni.

Hapa ndipo penye fundo. Karatasi ni ile ile, wino ni ule ule, sura ni ya Wagner. Hakuna kilichoongezwa hata chembe. Wako watakaosema kwamba kadi ni ya kweli, ila imenyolewa. Mimi naona sivyo. Mnunuzi hakununua karatasi. Alinunua habari, kwamba kitu dhaifu kilipita katika miaka mingi kikasalimika. Mkasi uliifuta habari hiyo ukaandika nyingine. Na ajabu ni kwamba kingo zilizochakaa, ambazo zingaliishusha bei, ndizo zilizokuwa zikisema kweli.

Sahihi za kughushi zina ubaya wa namna nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wapelelezi wa FBI walifichua kundi la waghushi huko California, ambao, pamoja na sahihi za wachezaji, walitia hata sahihi ya Mama Teresa juu ya mipira ya besiboli. Msomaji huenda akacheka, na ana haki. Wahenga walisema kizuri chajiuza; hawakutuambia kwamba kibaya nacho chajiuza, kikivaa nguo ya kizuri.

Sasa turudi kwa yule mtu na ukuta wake. Akifa bila ya kujua, furaha yake ilikuwa furaha, sithubutu kuikana. Walakini sahihi ni neno la mtu: nilikuwapo, mkono wangu ulipita hapa. Mwenye kuighushi amemsemesha mwenzake asilolisema, hata kama hapana anayelia. Tena yuko mtu wa tatu. Huyu, utotoni mwake, alisimama langoni mwa uwanja akapewa sahihi ya haki na mchezaji mwenyewe, bila ya shahidi wala hati. Leo akienda kuiuza huambiwa athibitishe. Hakununua bandia yoyote, wala hakudanganywa na mtu. Hata hivyo yeye ndiye anayedaiwa.