Mke mjamzito ugenini: Tuangalie ujuzi, si kibao cha mlangoni

Wapo wenzetu waliotoka Dar es Salaam, Tanga au Kigoma wakafuata biashara ya kahawa Mbinga au dagaa Mbamba Bay, na wake zao wakapata ujauzito huko huko ugenini. Hapo huzuka swali: mke akajifungulie wapi, ilhali hospitali ya Litembo ni ya Wakatoliki, na ya Liuli, kando ya Ziwa Nyasa, ni ya Waanglikana?

Wengine huona bora mke azalie nyumbani kuliko kupokelewa na sista. Hiyo si taqwa. Mtume (s.a.w) alipohajiri mwaka 622, yeye na Abubakar (r.a) waliongozwa jangwani na Abdullah bin Urayqit, aliyekuwa mshirikina. Alichaguliwa kwa kuwa aliijua njia na alikuwa mwaminifu. Mkunga naye ni mjuzi wa njia.

Ya kuuliza ni haya: Je, upasuaji unafanyika hata usiku? Damu ya kuongezewa ipo? Wakati wa masika, kutoka nyumbani hadi hapo ni saa ngapi, na kwa gari la nani? Kuvuja damu baada ya kuzaa humuua mama kwa saa chache tu. Ombeni mkunga mwanamke. Akikosekana, dharura ina hukumu yake.

Yaulizwe haya mimba ikiwa changa, si uchungu ukishaanza. Mke ni amana, na kila mwenye amana ataulizwa.

Wallahu a'alam.