Iacheni Ngozi ya Watu!

Enyi mafundi picha wa Kariakoo na River Road, wa Kampala, Bujumbura na Goma, ninyi mnaokesha mbele ya kompyuta wakati bwana na bibi harusi wamekwisha lala, ondoeni mkono kwenye kipanya mnisikilize. Nina neno nanyi, na si neno tamu.

Mmewafanyia nini watu? Mama amekuja studio na uso alioutafuta kwa miaka sitini. Jua la shamba limo. Vicheko vimo. Misiba miwili ya watoto imo. Ninyi mmeuchukua uso huo, mkakivuta kitufe cha kulainisha mpaka mwisho, mkamrudishia sura ya mdoli, kisha mkamtoza hela. Mjukuu anaitazama picha ukutani anauliza huyu nani. Nanyi mnaiita kazi safi!

Wala msiseme nimekuja kuharamisha riziki yenu. Kugusagusa uso ni kazi kongwe kuliko picha za rangi. Mwaka 1855, kwenye maonyesho makubwa ya Paris, Franz Hanfstaengl wa Munich alionyesha picha mbili za mtu mmoja, moja imeguswa na nyingine haijaguswa, na watu wakajazana kushangaa. Baada yake mafundi wa studio duniani kote waliinama juu ya negativu za kioo na penseli iliyochongwa sana, wakidonoa doa baada ya doa. Lakini penseli ilikuwa na rehema yake: ilichosha mkono. Fundi hakuwa na budi kuchagua ni doa lipi linastahili kumpotezea jioni. Kompyuta haichoshi, ndiyo maana hamchagui tena.

Basi chagueni!

Chunusi iliyoota Alhamisi na harusi ni Jumamosi, iondoeni. Haikualikwa. Mkwaruzo wa wembe, upele wa joto, wekundu wa jicho la mtu aliyesafiri usiku kucha kwenye basi, vyote ondoeni wala msihofu. Lakini kovu la ndui? Lakini waa alilozaliwa nalo, ambalo mama yake alilijua kabla hajamjua kwa jina? Lakini alama ya sijida kwenye paji la mzee aliyeswali maisha yake yote? Hiyo nimeiona imefutwa kwa ustadi mkubwa, na fundi aliyedhani ni uchafu! Na wazee wa Kimakonde wa Newala na wa ng'ambo ya Ruvuma, waliochanjwa chale usoni wangali vijana, sasa wamebaki wachache; programu ya simu inaziona chale hizo ikadhani ni ugonjwa wa ngozi, inazifuta kabla hata fundi hajaketi.

Kila unapotaka kufuta, jiulize: kitu hiki kitakuwepo usoni mwake baada ya miezi mitatu? Kama kitakuwepo, si chako. Na ukiwa na shaka, mdomo unao, muulize mwenyewe. Wapo watakaosema toa, na hapo toa, maana uso ni wao. Ninachokilaani ni kufuta bila kuuliza, kufuta kwa mazoea, kufuta kwa sababu kitufe kipo.

Sasa tuongee kifundi. Ngozi ina vitundu, ina nywele za malaika shavuni, ina mistari midogo inayokatana ambayo macho huisoma hata pale mtazamaji asipojua kwamba anaisoma. Fundi hodari huigawa picha katika leya mbili. Leya ya chini hubeba rangi na kivuli, ya juu hubeba chembechembe za ngozi. Akitaka kupunguza baka huigusa ile ya chini peke yake, na ya juu anaiacha kama alivyoikuta. Ninyi mnamwaga ukungu juu ya uso wote, mashavu, kope na hata midomo, kisha mnanoa macho mpaka yanatisha. Photoshop 7 ilitoka mwaka 2002 ikiwa na brashi ya kuponya, inayochota chembechembe za ngozi ya jirani na kuzilinganisha na rangi na mwanga wa pale inapotua. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo leo ni mtu mzima mwenye studio yake. Ni udhuru gani uliobaki wa kuufuta uso mzima kwa ajili ya chunusi tatu?

Na kwa mtu mweusi dhambi hii ni nzito zaidi. Uso mweupe huchorwa na vivuli. Uso mweusi huchorwa zaidi na mng'ao: ule mwanga unaokaa juu ya mfupa wa shavu, unaoteremka na pua, unaotulia kwenye paji. Huo ndio unaoonyesha umbo. Kitufe cha kulainisha kikiuona mng'ao kinadhani ni jasho, kinauzima, na uso unakuwa bapa. Fundi akitazama anaona pametia giza, anaongeza mwanga, na mtu wa watu anatoka rangi ya majivu.

Mnakumbuka tulikotoka? Kwa miongo kadhaa maabara za picha zilipima rangi zao kwa kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke wa kizungu, na kadi hizo zikajulikana kwa jina la Shirley. Ngozi ya Shirley ikitoka vizuri, mtambo uko sawa. Ngozi ya mwingine ikitoka giza tupu lenye meno na macho, shauri yake. Na filamu ilipoanza kurekebishwa ili itofautishe rangi za kahawia, kelele zilizosikika mapema zilikuwa za wauza samani na wauza chokoleti, ambao bidhaa zao hazikupendeza kwenye matangazo. Kabati lilisikilizwa kabla ya mtu! Leo kamera iliyo mikononi mwenu inaweza kumpiga bwana harusi mweusi tii kando ya shela jeupe, na yeye akaonekana, na shela likaonekana. Wazee wetu walikaa mbele ya kamera maisha yao yote wasiipate neema hiyo. Imetufikia sisi, na tumeipokea kwa kusugua ngozi mpaka itoweke.

Nasema pia juu ya weupe. Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zimepiga marufuku vipodozi vya kuchubua vyenye zebaki na haidrokwinoni. Maofisa wanaingia madukani, wanakusanya makopo, wanayachoma. Nani anaingia studio? Kupandisha rangi ya bibi harusi ngazi mbili bila kumwambia ni mkorogo tu, ila huu hauwashi, na kwa kuwa hauwashi hakuna anayekimbilia hospitali. Binti anaupokea ukiwa ndani ya albamu ya ngozi na herufi za dhahabu. Anaitazama, anajitazama kwenye kioo, na anajua sasa, kwa ushahidi aliolipia mwenyewe, kwamba siku aliyopendeza kuliko zote hakuwa na rangi yake. Wiki inayofuata anakwenda kulitafuta lile kopo. Ninyi mlimwonyesha njia!

Mwaka 2017 jarida la Grazia la Uingereza lilimweka Lupita Nyong'o kwenye jalada likamfuta nywele zake za nyuma na kuzilainisha zilizobaki. Hakunyamaza. Aliziweka hadharani picha zote mbili, iliyoguswa na isiyoguswa, na mpiga picha, An Le, akaomba radhi. Lakini huyo ana tuzo ya Oscar na dunia inamsikiliza. Binti wa kidato cha nne aliyekuja kwenu kupiga picha ya mahafali, yeye atamlilia nani?

Wenzetu wametunga sheria. Ufaransa, tangu Oktoba 2017, inataka tangazo lenye mwanamitindo aliyenenepeshwa au kukondeshwa kwa kompyuta liandikwe wazi kwamba picha imeguswa. Hiyo inahusu umbo, ngozi haimo. Norway imekwenda mbali zaidi: tangu Julai 2022 tangazo lililobadilisha umbo, ukubwa au ngozi ya mtu lazima libebe alama. Sheria hizo ni za matangazo, hazifiki kwenye studio yenye pazia na feni. Huko hakuna askari ila wewe. (Pasipoti ni mambo mengine. Mitambo ya uhamiaji hulinganisha uso na picha, na Marekani, kwa mfano, haipokei picha ya viza iliyofanyiwa marekebisho. Ukimlainisha mteja wa viza umemharibia safari, na hela yako atakuja kuidai.)

Nimeuacha mwisho msiba, kwa sababu hapo ndipo mnaponiliza. Mtu amefariki. Familia inapekua simu, inapata picha moja nzuri, ile ya harusi ya mdogo wake. Inaletwa kwenu usiku: ikuzwe, itiwe fremu, iwekwe mbele ya jeneza, ichapwe kwenye tisheti na kwenye kijitabu cha ibada. Nanyi, kwa heshima kabisa, kwa huruma kabisa, mnampa marehemu ngozi ya mtoto. Kovu la juu ya nyusi, alilolipata akiokoa ng'ombe mtoni, ambalo familia nzima inalo hadithi yake, halipo. Watoto wake watabaki na picha hiyo miaka arobaini. Watalitafuta kovu hilo!

Mchoraji Domenico Ghirlandaio wa Firenze alichora karibu mwaka 1490 mzee akiwa na mjukuu wake; picha iko Louvre, Paris. Pua ya mzee imevimba, ina vinundu juu ya vinundu. Stockholm upo mchoro wa mzee huyohuyo akiwa amefumba macho, na wapo wataalamu wanaoona kwamba huenda alichorwa akiwa amekwisha kufa, ili familia iwe na kumbukumbu. Fikirini! Mchoraji hakuhitaji programu wala kitufe. Pua nyingine ingemgharimu rangi ileile na brashi ileile, na nani angemlaumu kwa kumtengeneza marehemu? Aliiacha pua ilivyo, kisha akamchora mtoto amemwinulia babu yake uso, mkono uko kifuani pake, wala haogopi.

Basi amkeni! Leo hii, kabla ya kazi nyingine, ingieni kwenye mipangilio ya simu zenu mzime urembo wa kamera ya mbele, maana simu nyingi huja nao umewashwa tangu dukani. Kila picha hifadhini nakala isiyoguswa, hata mteja asipoiomba, na akifariki wapeni watu wake. Fanyeni marekebisho kwenye leya ya peke yake, na mkishamaliza punguzeni nguvu ya leya hiyo hadi nusu, kisha mwende mkanywe chai. Mkirudi mtaona hata nusu imezidi. Rangi ya mtu mpimeni kwa mkono wake na shingo yake, wala si kwa picha ya msanii aliyowaletea kwenye simu. Mwonyesheni picha mbili, mseme mlichotoa na mlichoacha, naye achague akiwa anajua. Wengi, nawaambia, watachagua uso wao. Na akitokea anayeng'ang'ania kwamba lazima aongezwe weupe, mrudishieni arubuni yake.