Kuachwa Si Kudhulumiwa

Je, maumivu ya mapenzi ni mali ya nani? Unaweza kuliona ni swali la kijiweni, la kupitishia muda kahawa ikichemka. Lakini kila anayerekodi wimbo kuhusu mtu aliyemwacha huwa amekwisha kulijibu, hata kama hakuwahi kujiuliza. Analijibu pale anapoamua kipi kiingie kwenye wimbo na kipi kibaki nje. Mimi lilinifika nikiwa mwaka wa pili chuoni, mjini Lindi, kwa sababu ya ujumbe wa sauti wa sekunde 40.

Aliyeutuma alikuwa binti wa Kilwa Kivinje. Tulipendana tangu kidato cha tano. Katika ujumbe ule alinieleza kwa nini hatutaendelea, na akataja mambo ya nyumbani kwao ambayo nadhani hakuwa amemwambia mtu mwingine. Nyuma ya sauti yake zilisikika kelele za ufukweni, watu wakinadi samaki. Katikati ya maneno alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayejizuia kulia. Niliusikiliza hadi nikaukariri, pamoja na pumzi zake.

Wakati huo mimi na mwenzangu wa chumbani tulikuwa tunarekodi nyimbo hosteli. Magodoro mawili tuliyaegemeza ukutani ili sauti isirudi, juu yake tukaning'iniza mashuka na vitenge. Maikrofoni ilikuwa ile iliyo kwenye waya wa hedifoni za simu. Feni tuliizima kwa sababu mvumo wake uliingia kwenye kila mstari, na aliyekaa Lindi mwezi wa Januari anajua maana ya kuzima feni na kufunga madirisha. Tulianza saa 6 usiku, hosteli ikishatulia, tukakoma kabla ya adhana ya alfajiri. Biti alizitengeneza yeye kwenye FL Studio, katika kompyuta ambayo betri yake ilishakufa. Umeme ukikatika, kazi isiyohifadhiwa iliondoka nao.

Hatukuwa watu wa ajabu. Singeli imekua katika vyumba vidogo vya uswahilini Dar es Salaam, kwa kompyuta za kuungaunga, na mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipotoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, wasikilizaji wa mbali walipokea muziki uliotengenezwa kwa vifaa visivyozidi vyetu sana. Kifaa duni si kikwazo tena. Kilichobaki ni swali la nini cha kurekodi.

Chumba cha watu wawili hakina siri. Usiku mmoja mwenzangu aliusikia ule ujumbe kupitia hedifoni zangu zinazovuja sauti.

“Mwanangu, huo ndio mwanzo wa wimbo,” alisema. “Tunaanza na sauti yake, zile kelele za pwani, kile kicheko, halafu biti inaingia. Watu watalia.”

“Na yeye je?”

“Yeye si amekuacha? Hana la kusema.”

Sikumjibu usiku ule, ila jibu lake lilinikaa. Ndani yake kuna hoja kamili ambayo vijana wengi tunaibeba bila kuifungua: kwamba anayeacha amepoteza haki zake, na aliyeachwa amepewa ruhusa.

Hoja hiyo inasimama juu ya dhana moja, kwamba kuachwa ni kudhulumiwa. Nikikukopesha fedha ukakataa kulipa, umenidhulumu. Ukinipenda kisha upendo ukaisha, au ukabaki lakini nguvu za kuubeba zikaisha, nimepata hasara kubwa, lakini hakuna aliyeiba. Upendo wake haukuwa deni. Alikuwa akinipa kila siku, na siku moja akashindwa kuendelea kutoa. Maumivu yangu yalikuwa ya kweli bila kumhitaji mkosaji. Wimbo wa kuachwa una kishawishi cha kumtafuta mkosaji huyo, kwa sababu hasira ina mistari mizuri zaidi kuliko huzuni, na inaingia kwenye biti kwa urahisi.

Sisemi kwamba wimbo usimtaje mtu kamwe. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Zanzibar hadi Bombay kurekodi santuri, na sauti yake ikaenea pwani nzima. Miongoni mwa nyimbo zake mashuhuri ni ule wa Kijiti, uliomtaja kwa jina mtu aliyetuhumiwa kumuua mwanamke mgeni kisha akatorokea bara, huku mkono wa sheria ukiwaangukia waliotoa ushahidi. Pale palikuwa na dhuluma, na mahakama haikuitibu. Wimbo ulifanya kazi ambayo hukumu haikuifanya. Kwa hiyo mtu akinipinga kwamba neno stara limetumika pwani yetu kuwanyamazisha wanawake waliopigwa na wasichana waliolazimishwa, nitakubaliana naye bila kusita. Aliyedhulumiwa ana haki ya kutaja. Ndiyo maana ni muhimu asiyedhulumiwa asiivae haki hiyo. Kila anayeimba hasara yake kana kwamba ni jinai anazidi kuwazoesha watu kupuuza jinai zenyewe.

Suala la pili ni lile la kurekodi. Plato, katika Phaedrus, anamfanya Socrates alalamike juu ya maandishi: yakishaandikwa yanazunguka kila mahali, kwa wanaoelewa na wasiohusika vilevile, na yakiulizwa swali hayana jibu. Rekodi ina tabia hiyo hiyo. Ningemwimbia binti yule barazani, angeweza kuondoka, kunitukana, au kunisahihisha. Wimbo uliorekodiwa haumpi hata moja kati ya hayo. Unasafiri kwa WhatsApp kutoka Lindi hadi Kivinje kabla basi halijafika Nangurukuru, na Kivinje ni mji mdogo. Sauti yake pale inajulikana sokoni na msikitini. Watu wangemtambua kabla ya neno la pili, na mambo ya nyumbani kwao, aliyoniambia mimi peke yangu, yangekuwa mlio wa simu ya mtu asiyemjua.

Hapo wazee wa muziki wetu walikuwa na jibu ambalo nililidharau nikidhani ni pambo la lugha: fumbo. Katika taarab mtu haimbwi kwa jina. Anaimbwa kama ua, kama ndege, kama chombo kilichopoteza nanga. Anayesikiliza akiguswa huinuka akaenda kumtuza mwimbaji, na sababu yake anaijua mwenyewe. Wimbo hubaki wazi, kila mtu akaingia na lake.

Nilimweleza mama yangu mdogo nadharia hii kwa fahari ya mwanafunzi wa chuo. Alicheka sana.

“Fumbo gani, mwanangu? Mtaa mzima tulikuwa tunajua nani anaimbwa! Na anayeimbwa alikuwa wa kwanza kujua.”

Alikuwa sahihi, na methali inamuunga mkono: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Fumbo peke yake si uadilifu. Linaweza kuwa kisu kilichofungwa kwenye kanga. Lakini alipoendelea kusimulia niligundua jambo ambalo nadharia yangu ilikosa. Katika mipasho, aliyeimbwa alijibu. Miaka ya 1990 mashabiki wa Dar es Salaam walijaa kumbini kusikiliza ushindani wa TOT na Muungano, Khadija Kopa huku na Nasma Khamis kule, na kila wimbo ulingojewa jibu lake. Ulikuwa ugomvi, lakini wa watu wawili wenye maikrofoni mbili. Binti wa Kivinje hakuwa na maikrofoni, hakuwa na biti, wala hakuwa na hamu ya kushindana nami. Kumrekodi kungekuwa kumpiga mtu aliyeshika ndoo ya maji.

Kuna mfano wa mbali ambao umenisaidia kuona mwisho wa njia hiyo. Daniel Johnston, mwanamuziki wa Marekani aliyefariki mwaka 2019, alikuwa mwanafunzi wa sanaa katika Chuo Kikuu cha Kent State huko Ohio alipompenda mwanafunzi mwenzake ambaye hakuwa wake, na ambaye baadaye aliolewa na mtu mwingine. Kati ya 1980 na 1981 alirekodi nyumbani kwa wazazi wake, kwa redio kaseti ya kawaida, nyimbo alizoziita Songs of Pain. Inasimuliwa kwamba kwa kukosa kifaa cha kunakili, mtu akitaka kanda, aliirekodi albamu yote upya. Nyimbo zile ni nzuri kwa namna inayotisha, na nafurahi kwamba zipo. Lakini namfikiria pia yule mwanamke, aliyezeeka huku maelfu ya watu wasiomjua wakimfahamu kwa sababu tu hakumpenda mtu fulani akiwa bado kijana. Hakuna ubaya aliofanya, na hakuna wimbo wa upande wake.

Basi mimi nilifikia mpaka huu: nina haki juu ya usiku wangu, sina haki juu ya sababu zake. Naweza kuimba joto la chumba kile, simu niliyoigeuza kifudifudi ili nisiione, kituo cha Nangurukuru nilipozoea kushuka na sasa napita tu. Hayo yalinipata mimi. Yaliyomo ndani ya zile sekunde 40 yalimpata yeye. Mimi niliambiwa tu, kama anavyoambiwa mtu anayeaminiwa. Uhusiano ulikwisha, lakini kuaminiwa hakukuwa na tarehe ya mwisho.

Mwenzangu aliuliza kwa nini nisimwombe ruhusa. Nilifikiria. Kumwandikia mtu aliyekwisha kupata ujasiri wa kuondoka, nimwombe kilio chake kiwe mapambo ya kazi yangu, ni kumrudisha mlangoni alikokwisha kutoka. Akikataa ataonekana mkatili kwa mara ya pili. Ruhusa ya namna hiyo haiombwi.

Tulianza wimbo na sauti ya mvua juu ya bati, niliyoirekodi mwenyewe dirishani. Nitasema ukweli: haukuwa na nguvu kama ambao ungekuwa na kicheko kile. Mwenzangu alilijua hilo, na mimi nalijua mpaka leo. Uadilifu katika sanaa mara nyingine hulipwa kwa sanaa yenyewe, na anayesema haupunguzi chochote hajawahi kukaa mbele ya kompyuta saa 9 usiku akiwa na kipande kizuri ambacho si chake.

Ila kitu kingine kilipatikana ambacho sikukitegemea. Kijana wa mwaka wa kwanza aliomba nimrushie wimbo ule kwenye simu yake. Alidhani unahusu kufiwa. Alikuwa amempoteza kaka yake, na alipofika kwenye kiitikio alimwona yeye. Sikumsahihisha. Ungekuwa na sauti ya binti wa Kivinje mwanzoni, kijana yule asingepata pa kuingia. Angekuwa mpita njia anayechungulia dirisha la watu.

Kila mmoja wetu sasa ana studio mfukoni na sauti za watu waliomwamini zimelala humo humo. Kabla ya kubonyeza kitufe, swali la kujiuliza ni dogo na halihitaji Plato: huyu ninayemweka ndani ya wimbo, je, ana mahali pa kunijibia? Kama hana, basi naimba yangu.