Ni Nani Anayeweza Kukuuliza Ulikuwa Wapi?

Somo: 1 Samweli 7:15–17



Jumapili iliyopita tulisikia neno kuhusu Samweli, na wengi mliondoka na lile jiwe la Ebenezeri. Ni sawa, hicho ndicho kilikuwa kiini cha mahubiri. Mimi nilibaki na mistari mitatu ya mwisho ya sura hiyo, ile ambayo mtu huisoma mbio mbio akikimbilia sura ya nane. Tunaambiwa kwamba kila mwaka Samweli alizunguka Betheli, Gilgali na Mispa akiamua mambo ya watu, kisha alirudi Rama kwa sababu nyumba yake ilikuwa huko. Huko nako aliamua watu, na huko ndiko alikomjengea Bwana madhabahu.

Baada ya ibada ndugu mmoja alinishika mkono akaniuliza, "Pasta, na mtu akiwa na Rama mbili?" Waliosimama karibu walicheka. Yeye hakucheka. Amenikubalia niandike habari zake bila kumtaja jina, kwa sababu anajua si yeye peke yake.

Ndugu huyu ni mtoto wa hapa. Wazazi wake wanachuma majani na kuyapeleka kituoni kama wengi wetu. Yeye anafanya kazi Nairobi na amekodi nyumba Imara Daima. Mke wake ni muuguzi Mombasa, watoto wanasoma huko, na nyumba yao iko Bamburi, si mbali na bahari. Jumatatu hadi Alhamisi yuko Nairobi. Alhamisi jioni anapanda treni Syokimau, Ijumaa anafanyia kazi huko Bamburi kwa kompyuta, Jumapili jioni anarudi. Kabla treni hiyo haijaanza kubeba abiria mwaka 2017, maisha ya namna hii yalikuwa ya watu wa ndege. Sasa hata mtu wa mshahara wa kawaida anaweza kulala sehemu mbili kila wiki, mwaka mzima. Chai yetu nayo inaishi hivyo hivyo: inakaushwa hapa kiwandani Kebirigo, inauzwa kwenye mnada wa Mombasa unaofanyika kila wiki, na pesa zinarudi. Lakini chai haina mke.

Najua mnachofikiria. Mtu wetu akisikia mwanamume ana nyumba mbili, anaanza kuuliza ya pili ina nani ndani. Mimi sizungumzii mpango wa kando. Hiyo ni dhambi tayari, haihitaji makala. Nyumba ya Imara Daima ina kitanda, jiko la gesi na pasi. Swali linabaki hata kama hakuna mtu mwingine ndani.

Wengine watanifungulia Amosi 3:15, pale Bwana anaposema atapiga nyumba ya wakati wa baridi pamoja na ile ya wakati wa joto. Someni kitabu chote. Amosi aliwakemea watu waliojenga kwa jasho la maskini, wakalalia pembe za ndovu huku jirani ameuzwa kwa ajili ya jozi ya viatu. Kama umewalipa wafanyakazi wako, neno hilo halikuhusu kwa sababu tu una funguo mbili mfukoni. Na Bwana wetu mwenyewe, Mathayo 4:13, aliacha Nazareti alikolelewa akaenda kukaa Kapernaumu kando ya ziwa. Watu wa Nazareti hawakupenda, lakini hatuoni mahali popote ambapo kuhama kulihesabiwa kuwa kosa lake.

Kwa hivyo tusiharakishe kuhukumu. Wacha tuangalie hesabu kwanza.

Nilisomea biashara chuo kikuu, na ukiniambia wiki ina saa 168 natafuta kalamu. Usiku nne Nairobi, usiku tatu Mombasa, ukitoa saa za treni na za matatu mpaka stesheni. Kwa karatasi si mbaya. Kuna baba wanaolala hapa hapa Kebirigo usiku saba na watoto wao wanawaona kidogo kuliko huyu. Sulemani naye alipanga zamu. Katika 1 Wafalme 5 alichukua watu 30,000 akawapeleka Lebanoni 10,000 kwa zamu, mwezi mmoja huko na miezi miwili nyumbani. Ni mpango mzuri, afisa yeyote wa wafanyakazi angeupigia makofi. Lakini ukifika sura ya 12, Sulemani amekufa na watu wamemjia mwanawe wakisema nira ya baba yake ilikuwa nzito. Hatuambiwi walilalamikia zamu ya Lebanoni hasa. Ninachosema mimi ni kwamba hesabu ya siku inaweza kutoka sawasawa na mzigo ukabaki palepale.

Ndugu yetu alilijua hilo mwaka 2020. Mnakumbuka jioni ya Jumatatu tarehe 6 Aprili, rais alipotangaza kwamba hakuna kuingia wala kutoka Nairobi. Siku mbili baadaye Mombasa, Kwale na Kilifi nazo zikafungwa. Yeye alikuwa ametoka Bamburi Jumapili na begi lenye nguo za siku nne. Alikaa Imara Daima mpaka Julai, miezi mitatu, akifua zile zile.

Nilimuuliza ni nini kilichomuumiza zaidi. Nilidhani atasema upweke. Alisema ni kwamba huko Bamburi hakuna kitu kilichosimama. Alituma pesa kwa simu, mke wake akapanga kila kitu, watoto wakazoea. Barabara zilipofunguliwa tarehe 7 Julai alitafuta njia ya haraka akafika usiku. Akatoa ufunguo wake, ukakataa. Kitasa kilikuwa kimeharibika mwezi Mei na kikabadilishwa. Hakuna aliyemficha. Ni vile tu hakuna aliyeona haja ya kumwambia. Basi akasimama nje ya mlango wa nyumba anayoilipia kodi, akapiga hodi.

Mwenye nyumba hapigi hodi, wapendwa. Anayepiga hodi ni mgeni, hata kama ni mgeni anayependwa sana na kupikiwa pilau.

Halafu kuna upande wa kanisa, na hapa naongea kama mtumishi. Wazee wa kanisa la Nairobi wakimwuliza kwa nini haonekani Jumapili, anawaambia kanisa lake liko Mombasa. Huko Mombasa wakimwuliza kwa nini hayuko kwa maombi ya Jumatano, anasema yuko Nairobi. Sisi huku tunamhesabu kuwa wetu kwa sababu jina lake liko kwa kitabu na alichangia mabati. Makanisa matatu yanamjua, na hakuna hata moja linaloweza kumwuliza, "Ndugu, tangu mwezi jana hatujakuona, kuna nini?" Kila moja linafikiri lile lingine linamshughulikia. Katika uhasibu tunasema mali iliyoandikwa kwa vitabu vitatu ndiyo hupotea kwa urahisi, maana kila karani anaamini mwenzake ameihesabu.

Hapo ndipo mimi naona shida ilipo. Nyumbani si mahali unapolala usiku mwingi zaidi, na si mahali ulipoweka godoro nzuri. Ni mahali ambapo kuna watu wenye haki ya kukuuliza ulikuwa wapi, na wewe huwezi kujibu tu "nilikuwa kule kwingine" yakaisha. Angalieni Mwanzo 3:9. Swali la kwanza Mungu analomwuliza mwanadamu ni la mahali alipo. Si kwamba Mungu alikuwa amempoteza Adamu kati ya miti. Alikuwa anamdai jibu. Na katika sura inayofuata Kaini anaulizwa alipo ndugu yake, naye anajaribu kukwepa kama mtu wa nyumba mbili: hilo si jukumu langu, ulizeni kwingine.

Wazee wetu Abagusii walikuwa na hekima hapa, ingawa hawakuwa na treni. Zamani vijana hawakulala nyumbani. Walilala egesarate, kambi ya ng'ombe, ili mifugo isiibwe na maadui. Chakula kilitoka kwa mama zao. Wakoloni walipoingia walizivunja kambi hizo, na leo ukimwuliza kijana wa Kebirigo ebisarate ni nini atafikiri ni jina la duka. Kijana aliweza kukaa huko miaka, usiku mwingi kuliko wa kwa baba yake. Lakini hakuna aliyechanganyikiwa kwao ni wapi. Akikosa, aliulizwa nyumbani. Akitaka kuoa, mambo yalizungumziwa nyumbani. Hata lugha yetu ilitenganisha: enyomba ni nyumba, omochie ni boma na watu wake. Unaweza kuwa na enyomba nyingi. Omochie ndio unaokuita kwa jina la baba yako.

Sasa mtu atasema, Pasta, wengine hatukuchagua. Ni kweli kabisa. Kuanzia mwaka 2018 walimu wengi walihamishwa mbali na kwao, na kwa hili kanisa letu kuna akina mama waliolea watoto peke yao wakati baba anafundisha kaunti ya mbali, na akina baba hivyo hivyo. Babu zetu walikwenda mashamba ya chai ya Kericho wakaacha wake zao na jembe. Siwezi kusimama hapa niseme acheni kazi. Anayesema hivyo hajalipa karo.

Ila nataka tumwone yule anayebaki. Tukizungumza habari za nyumba mbili tunamhurumia msafiri: amechoka, amelala kwa treni, nauli imepanda. Yule wa Bamburi hasafiri, lakini ndiye anayeulizwa yote. Mwalimu akiita mzazi, ni yeye. Mtoto akipata homa saa nane usiku, ni yeye. Kitasa kikiharibika, ni yeye. Msafiri amegawanya siku zake, lakini kuulizwa hakukugawanywa, kumemwangukia mmoja. Hiyo ndiyo hesabu ambayo haikuwa kwa ile karatasi yangu. Na haki inaanzia hapo: si lazima uongeze usiku wa nne Mombasa, lakini mwalimu awe na nambari yako na akipiga ushike, hata kama uko kwa mkutano.

Sisi watu wa Kisii na Nyamira, na majirani zetu pia, tuna tabia moja. Swali la kwao mtu ni wapi tunaliuliza kwa uzito siku ya kumzika tu. Wazee wanakumbuka kesi ya wakili S. M. Otieno. Alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane alitaka kumzika Matasia karibu na Ngong, ukoo wake ukamtaka Nyalgunga, Siaya. Mawakili walibishana mahakamani kama nyumba yake ya Nairobi ilikuwa nyumbani au ni nyumba tu. Mwili ulikaa mochari miezi mitano, ukazikwa Nyalgunga Mei 1987. Sitaki kusema nani alikuwa na haki, mahakama ilishaamua. Ninachoona ni kwamba mtu mmoja tu ndiye angelijibu swali lile vizuri, na hakuwepo tena. Sitaki swali hilo liulizwe juu ya washirika wetu wakati hawawezi kujibu. Ni la mtu aliye hai, anayeweza kubadilisha ratiba.

Kwa hivyo nilimjibu ndugu yetu hivi. Mizunguko unaweza kuwa nayo mingi. Samweli alikuwa na mitatu na hakuna aliyemlaumu. Lakini madhabahu alijenga Rama, mahali pamoja, na kila mtu aliyemtafuta alijua aende wapi. Wewe amua ni kanisa gani lina ruhusa ya kukutafuta, uwaambie wazi, na makanisa mengine mawili uwaambie wazi pia. Ukiwa na mke na watoto Bamburi, mimi naona jibu lenyewe liko Bamburi. Aliniuliza na fungu la kumi je? Nikamwambia linakwenda pale pale unapoulizwa. Sadaka nyingine toa popote moyo unapokutuma, hata hapa, mabati bado hayajatosha.

Si neno tamu kwa kanisa la Kebirigo, najua. Tukilifuata, kuna majina kama arobaini kwa kitabu chetu ambayo tutalazimika kuyaachilia, na mengi ni ya watu wanaotuma pesa vizuri Desemba. Tulilijadili na wazee Jumanne, na hatukukubaliana wote. Mzee mmoja alisema ukimtoa mtoto kwa kitabu cha kanisa la nyumbani umemtoa kwa boma. Namheshimu, lakini nafikiri boma ni la baba yake, na kitabu ni cha mchungaji anayeweza kumfikia akiwa mgonjwa.

Ndugu yetu ameandika barua ya kuomba kuhamishwa kwenda kanisa la Bamburi. Iko kwa mzee katibu. Itasomwa Jumapili hii kabla ya matoleo. Baba yake amesema atakuja, na ameomba asimame yeye mwenyewe aisome.