Marudio

Kikao kilikuwa cha watu saba, Jumapili jioni, nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki hapa Katoro. Mimi ndiye katibu, kwa hiyo daftari lilikuwa mapajani kwangu. Ajenda ilikuwa moja. Usajili wa ligi ya mkoa ulikuwa unafungwa Jumatano, tulikuwa tumebakiza nafasi moja, na walioitaka walikuwa wawili.

Wa kwanza alikuwa kijana wa miaka 19, aliyemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia katika shule ninayofundisha. Wa pili sitamtaja jina, ingawa mashabiki wetu wote watajua ninamsema nani. Kadi yake ilisema ana miaka 34, na kadi za mpira huku kwetu zina desturi ya kuchelewa kuzaliwa. Miaka minane kabla ya kikao kile ndiye aliyefunga magoli mawili yaliyotutoa ligi ya wilaya. Siku hiyo alibebwa juu juu kutoka uwanjani mpaka barabara ya lami, na mmoja wa waliombeba ni mimi.

Baadaye aliumia goti, palepale uwanjani kwetu, kwenye kona ile yenye mawe ambayo kila msimu tunasema tutaifukia. Alipumzika, akarudi, akapata timu nje ya mkoa, goti likamrudisha. Tangu hapo alikuwa anafanya kazi mwaloni, analisha mawe kwenye karasha.

Siku mbili kabla ya kikao alikuja nyumbani. Alikunywa chai, akawaulizia watoto, akaongea habari za mvua. Aliposimama kuaga ndipo akasema, "Mwalimu, naomba msimu mmoja tu."

"Nimekusikia, kaka," nilimjibu. Halikuwa jibu, na wote wawili tulijua.

Kikaoni watatu walisema arudi, watatu wakasema hapana. Mzee wetu wa timu alitoa methali: mcheza kwao hutunzwa. Mhazini akamjibu kwamba methali hazifungi magoli. Kisha mwenyekiti akanigeukia. "Katibu, umebaki wewe."

Nilisema arudi. Nimekuwa nikilifikiria jibu hilo tangu siku ile. Sidhani nilikosea kwa sababu ya umri wake, wala sidhani nilikosea kwa sababu nilimpenda. Kosa langu lilikuwa mahali pengine, na limenichukua muda kulipata.

Tuanze na umri, maana ndilo neno linalotumika kwanza. "Amechoka." "Muda wake umepita." Sisi wa ukanda huu tunapaswa kuwa wa mwisho kulitamka neno hilo kirahisi. Mwadui ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2015, kocha Jamhuri Kihwelo, Julio, alileta kwenye machimbo ya almasi ya Kishapu majina ambayo Dar es Salaam ilikuwa imeshayavua jezi: Jerry Tegete, Nizar Khalfan, Athuman Idd "Chuji". Watu walicheka kwamba Mwadui inafungua makumbusho. Makumbusho hayo hayakushuka msimu uliofuata, na timu ilidumu Ligi Kuu mpaka 2021.

Au chukua habari ya Geita yenyewe. Msimu wa 2021/22 Geita Gold, ikiwa ndiyo kwanza imepanda, ilimaliza nafasi ya nne, na mshambuliaji wake George Mpole akawa mfungaji bora wa ligi kwa magoli 17, moja zaidi ya Fiston Mayele wa Yanga. Katikati ya 2022 Yanga ikaachana na Saido Ntibazonkiza, Mrundi aliyekuwa na miaka 35. Geita ikamchukua. Desemba ya mwaka huohuo Simba ikaja kumfuata huku huku. Msimu ulipokwisha alikuwa mfungaji bora, magoli 17, sawa na Mayele, na baadhi yake aliyafunga akiwa na jezi ya Geita. Mtu aliyeambiwa amemaliza alikuwa hajamaliza. Aliyesema amemaliza alisoma mwaka wa kuzaliwa akadhani amesoma miguu.

Lakini mfano huo haumsaidii sana mzee wetu na methali yake. Geita haikumchukua Saido kwa kumshukuru. Haikuwa inamdaiwa wala haikuwa inamdai. Ilimtazama, ikaona bado anaweza kupiga mpira uliokufa kuliko wengi walio hai, ikampa mkataba.

Kurudi nyumbani ni jambo jingine, maana nyumbani hapatazami, panakumbuka. Agosti 2021 Simba iliwaachia watu wawili waliokuwa roho ya timu: Clatous Chama alikwenda RS Berkane ya Morocco, Luis Miquissone akaenda Al Ahly ya Misri. Chama alirudi Januari 2022, na mwaka uliofuata akawafunga Horoya ya Guinea magoli matatu peke yake katika mechi iliyoisha 7-0. Luis alirudi 2023. Mashabiki walimpokea kwa shangwe ileile, wakamngoja yule Luis wa zamani wiki baada ya wiki, na hakuja. Baada ya msimu mmoja waliachana. Ukiambiwa hadithi hii bila majina, utadhani aliyeshindwa ndiye mzee. Sivyo. Chama ndiye aliyekuwa mkubwa, tena kwa miaka kadhaa. Umri haukutuambia lolote. Mapenzi nayo hayakutuambia lolote, kwa sababu wote wawili walipendwa sawa.

Hapa ndipo ninapouona ukweli kuhusu kura yangu. Nilipoinua macho kutoka kwenye daftari, sikumwona mtu wa miaka 34 anayelisha karasha. Nilijiona mwenyewe, kijana, nimeshika mguu wa mtu begani, natembea kuelekea barabara ya lami, wenye bodaboda wanapiga honi. Nilitaka siku ile irudi. Yeye alikuwa ndiye tiketi.

Na tiketi ile niliilipa kwa fedha isiyo yangu. Nafasi ilikuwa moja. Ukimpa mtu nafasi kwa kumshukuru, umemnyima mwingine, na huyo mwingine daima ni kijana, kwa sababu kijana hana kumbukumbu ya kumtetea. Hakuna aliyewahi kumbeba. Goli lake la maana bado halijatokea, na goli lisilotokea halina shahidi kikaoni. Shukrani hutazama nyuma. Ndiyo kazi yake na siilaumu. Lakini meza inayotazama nyuma tu haiwezi kumwona aliyesimama mlangoni.

Kuna watakaosema hili ni jambo jepesi: mpira ni kazi, kazi ina vigezo, mwenye uwezo acheze. Siko upande huo pia. Mtu anayesema timu haina deni kwa yeyote hajawahi kuishi karibu na machimbo. Huku tunajua vizuri sura ya mahali palipochukua nguvu za mtu kisha pakamwambia kwaheri. Kuna wazee wa miaka arobaini wanaokohoa vumbi walilovuta kwenye madhahabu ya watu wengine. Kama timu nayo itamtumia mtu namna hiyo, basi timu ni duara tu lenye magoli mawili. Deni lipo. Swali ni deni la nini, na linalipwa kwa nini.

Karibu na mwalo wowote huku utaona vilima vya mchanga wa kijivu. Hayo ndiyo marudio. Jiwe limesagwa, limeoshwa kwa zebaki, dhahabu ya kwanza imetoka, na kilichobaki kimemwagwa pembeni. Mgeni anaona taka. Mwenyeji anajua zebaki haikamati yote. Kilima hicho kikipelekwa kwenye matangi ya sayanaidi kinaweza kutoa tena, na kuna waliojenga nyumba kwa marudio. Lakini hakuna mnunuzi anayelipia kilima kwa sababu duara lile liliwahi kutoa sana. Hata umsimulie mpaka jua lizame. Anachota sampuli, anaipeleka maabara, anasubiri namba. Wala hakipuuzi kwa sababu ni cha zamani. Anapima.

Mtu si mchanga, na hapo mfano unaishia. Mchanga haujui uliwahi kuwa nini. Yeye anajua. Ndiyo maana tuliogopa kumpima. Nani angemwambia mtu tuliyembeba, njoo Jumatatu asubuhi ukimbie na watoto tukuangalie? Tuliona ni kumvunjia heshima. Tukampa jezi mkononi, tukajiona wastaarabu.

Alicheza mechi sita. Alifunga moja, penalti. Nyingine tano sitaki kuzisimulia, isipokuwa kwamba mashabiki hawakumzomea. Walinyamaza. Mshambuliaji huizoea kelele ya kuzomewa, inamwambia bado anatarajiwa. Kimya kile cha adabu kilikuwa kibaya zaidi. Baada ya mechi ya sita nilimkuta nyuma ya goli anafungua kamba za viatu polepole, mguu wa kushoto umenyooka kama mti.

"Mwalimu," akasema bila kuniangalia, "mngenijaribu kwanza."

Nikamwambia tulimheshimu.

"Hapana. Mlijua nitashindwa. Ndiyo maana hamkunijaribu."

Sikuwa na la kujibu, kwa sababu ilikuwa kweli, na nilikuwa sijaijua mpaka aliposema. Tuliompigia kura ya ndiyo hatukuwa tunaamini kwamba anaweza. Waliompinga angalau walizungumza juu ya miguu yake. Sisi tulimpa sadaka tukaiita nafasi, na mtu mzima huijua sadaka hata ikivalishwa jezi namba tisa. Kumpima kungempa kimoja kati ya vitu viwili: nafasi iliyo yake kwa haki, au ukweli aliouona kwa macho yake mwenyewe, asubuhi, mbele ya watu wachache. Tulimpa ukweli uleule, ila kwa mechi sita, mbele ya watu wote.

Methali ya mzee haikukosea. Sisi ndio tulioisoma vibaya. Mcheza kwao hutunzwa. Haikusema hupangwa. Kutunza ni kumjali mtu katika kile alichokipoteza kwako, na alichokipoteza kwetu si nafasi ya kucheza, maana nafasi ile kila mchezaji duniani huipoteza. Alipoteza goti, kwenye kona yenye mawe, akitufungia sisi. Siku ile tulimchangia nauli ya kwenda hospitali na soda. Aliyebaki na goti lile ni yeye. Kwa miaka yote tuliyosimulia magoli yake mawili vijiweni, hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza kama linamuuma usiku. Kumrudisha kikosini kulikuwa rahisi kuliko swali hilo, na hakukutugharimu chochote. Kulimgharimu yule kijana.

Huyo nilikutana naye miezi michache baadaye Rwamgasa, tochi kichwani, suruali imeganda tope. "Shikamoo mwalimu," akasema, na bila mimi kuuliza akaongeza kwamba Jumapili bado anafanya mazoezi. Hakunilaumu. Sina hakika kama angepewa nafasi ile angekuwa mchezaji. Labda angefunga moja, penalti. Lakini yeye naye hatukumtazama. Kwenye kikao kile cha watu saba hakuna aliyewatazama, si yeye wala mkubwa wake. Tulipiga kura juu ya kumbukumbu, wengine wakiipenda, wengine wakiichoka.

Kwa hiyo nikiulizwa leo kama timu imrudishe kipenzi chake wa zamani, nasema imwite. Asubuhi, uwanjani, pamoja na vijana, kocha akiwa na filimbi na mimi nikiwa na daftari. Akiweza, apewe, hata kama ana miaka arobaini, na asiwepo wa kumwita muhenga. Asipoweza, aambiwe siku hiyohiyo, na mtu anayemheshimu. Kisha tukae naye tuzungumze habari ya deni, kwa sababu hilo linabaki palepale, awe amefaulu au ameshindwa.

Mwanzo wa msimu huu niliandika ajenda mbili. Ya kwanza ilikuwa siku ya majaribio, wazi kwa wote, nayo ilipita bila maneno. Ya pili niliandika neno moja: goti. Kulikuwa na mabishano, kisha tukakubaliana kuchangisha, na mwenye duka la vipuri akatoa wa kwanza. Mhazini akauliza aiandike fedha hiyo kwenye fungu gani, misaada au matibabu.

Nikamwambia aandike madeni.