Nani Tajiri, Sisi au Jirani?

Mtu wa Uvira atazamapo taa za Bujumbura ng'ambo ya ziwa, hujisifu: «Kongo ina dhahabu na shaba, wale wana kahawa tu.» (Dhahabu hata Burundi imo.) Lakini mali iliyolala udongoni humvika nani? Kongo ilipata uhuru mwaka 1960, Burundi 1962. Hata leo zote mbili zahesabiwa miongoni mwa nchi maskini kabisa duniani.

Wengine hudhani kwamba kujitegemea ni kutomhitaji jirani. Sidhani. Litazameni bwawa la umeme la Ruzizi II, lililoanza kazi mwaka 1989: ni mali ya Kongo, Rwanda na Burundi pamoja. Hakuna anayelimiliki peke yake, wala hakuna anayeombaomba. Kila nchi ina neno katika kugawanya.