Waya Tunaoujua

Rubani wa ndege ya kunyunyizia dawa mashambani anaishi pale ambapo marubani wengine hupita tu wakati wa kupaa na kutua. Kwenye mashamba makubwa ya ngano na pamba ya Australia, anaruka mita chache juu ya mimea kwa kasi inayozidi kilomita 200 kwa saa. Akifika mwisho wa shamba anapanda, anageuza, anashuka tena, na kazi ndiyo hiyo hadi dawa iishe. Mashamba hayo yamekatizwa na nyaya za umeme. Nyingine ni waya mmoja tu, mwembamba, na toka nguzo hadi nguzo ni mamia ya mita. Jua na mvua vikishaupiga miaka mingi, waya huo hufifia usiutofautishe na mbingu. Ndiyo maana marubani hao hufundishwa kutafuta nguzo kwanza. Wanatazama vikombe vinavyoshikilia waya juu yake vinaelekea upande gani, na kutoka hapo wanajua waya unakopita.

Mwaka 2011, ofisi inayochunguza usalama wa uchukuzi nchini humo ilitoa ripoti kuhusu ndege zilizogonga nyaya kati ya mwaka 2001 na 2010. Katika kazi hizi za mashambani, asilimia 63 ya marubani waliogonga waya walikuwa wanajua kwamba upo. Pengine walishapita juu yake mara kadhaa asubuhi hiyohiyo.

Nimeitafakari hesabu hiyo wiki nzima. Sitaki kumfanya rubani yeyote aliyekufa hivyo kuwa mfano wa dhambi. Alikuwa kazini akitafutia watoto wake riziki. Bwana wetu alipoletewa habari za msiba wa siku zake, aliwataja wale watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakataa kabisa kusema walikuwa waovu kuliko majirani zao. Akawageukia walio hai. Nami nazungumza na sisi tulio hai.

Petro alikuwa anajua. Aliambiwa kosa lake, la kumkana Bwana, kabla halijatokea, aliambiwa ni usiku uleule, hata idadi ya mara akatajiwa. Bustanini alichomoa upanga, maana macho yake yalikuwa kwa askari. Saa chache baadaye, uani kwa Kuhani Mkuu, akiota moto kwa sababu ya baridi, aliulizwa swali na kijakazi. Katika jambo lile lile aliloonywa, ndimo alimoanguka.

Vivyo hivyo, ndugu aliyeacha pombe anaijua baa ile iliyo njiani. Miezi ya kwanza alizunguka njia nyingine, akampigia mzee wa kanisa simu kila jioni. Sasa miaka imepita, anapita mbele yake bila wasiwasi, na sisi tumeacha kumuuliza habari zake. Siku ya mshahara, au siku ya kutoka msibani akiwa amechoka, mawazo yake yako kwingine. Hapo ndipo ninapomwogopea, kuliko ile miezi ya kwanza.

Marubani wale wana utaratibu ninaoupenda sana. Shamba likikaribia kwisha hubaki pembe na kingo za kumalizia, na kwa hizo ndege lazima ibadili uelekeo. Basi kabla ya kuzishughulikia, rubani anapaswa kupanda juu, kuzunguka shamba upya na kuzitazama nyaya zote kana kwamba ndiyo kwanza amefika. Kwa haraka ya kumaliza, mtu huona huko ni kupoteza mafuta. Nadhani tuliookoka zamani, na sisi wachungaji mbele kabisa, tunahitaji mzunguko huo kuliko waumini wapya.

Jumatano baada ya ibada ya jioni nitabaki ofisini. Anayetaka kuutaja waya wake mbele ya mtu mwingine na aje, hata kama ameuepuka kwa miaka 20. Tutausema kwa jina lake, kisha tutaomba pamoja.